Mapumziko ya Kamusi

Walipoanza kazi ile walikuwa kundi zima, na kelele zao zilikuwa nyingi hadi watu wa ofisi ya chini wakawa wanagonga dari kwa ufagio. Kazi yenyewe ilikuwa kuandaa mtaala wa shule za msingi kwa watoto wenye vipawa, wale wanaomaliza hesabu kabla mwalimu hajaweka chaki chini, kisha wanabaki wakitazama nzi. Kila mtu aliitaka kazi hiyo. Siku hizo kulikuwa na chai ya saa nne, kulikuwa na semina, kulikuwa na kupigwa picha. Kisha mmoja akapata masomo nje ya nchi, mwingine akahamishwa, wa tatu akajifungua na hakurudi, na yule mzee wa hesabu akastaafu na kuondoka na kiti cha ofisi, akiapa kwamba alikuja nacho. Akabaki Bi Mitaala na meza tupu. Ufagio wa chini ukanyamaza.

Bi Mitaala lilikuwa jina la ofisini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, na kabla ya kuingia katika kazi ya kukuza mitaala alikuwa amefundisha darasani hadi sauti ikamkauka. Aliwahi kuolewa. Ndoa ikaisha bila ugomvi, kama simu inayokatika watu wakiwa hawana tena la kuambiana. Watoto hakujaliwa. Nyumbani kwake kulikuwa safi mno, usafi wa nyumba ambayo hakuna mtu wa kuichafua.

Kwa kuwa hakuwa na wa kubishana naye, alizoea kubishana na meza. "Hapa mzee wa hesabu angesema sehemu zije kabla ya vipimo," aliiambia meza ya dirishani, akangoja kidogo, kisha akaijibu mwenyewe, "Na mimi ningemwambia atoke hapa." Siku moja mhudumu wa usafi alimkuta katikati ya mabishano hayo, akarudi kinyumenyume na ndoo yake, akafunga mlango taratibu kama mtu aliyeingia chumba cha wagonjwa. Bi Mitaala alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Alipoyafuta aligundua kwamba yanaendelea kuja.

Mkurugenzi wao alikuwa mtu mchangamfu, hana hili wala lile, asiyeingia chumbani bila kupiga makofi. Alijua anachotaka. Watoto watengwe kwenye chumba chao, wapewe mwalimu wao, na masomo ya miaka minne wayamalize kwa miwili.

"Mtoto akiwa na mbio, mimi kazi yangu ni kumwondolea watu njiani," alisema. "Nitengenezee ngazi, Bi Mitaala. Ndefu, imara, wapande."

Bi Mitaala akatengeneza ngazi. Alipanga mada moja juu ya nyingine, akapunguza marudio, akaongeza mantiki, chemshabongo na ushairi. Saa za siku hazikutosha, hata azikamue vipi. Mwishowe akachukua mapumziko ya chumba maalumu akayasogeza mbele, ili baada yake kipate nafasi kipindi kirefu cha uchunguzi wa sayansi. Alipomaliza aliitazama ratiba ile ilivyokaa vizuri, kila kisanduku na rangi yake, akaridhika kama mtu aliyepanga vyombo kabatini.

Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtoto wa namna hiyo. Nyumbani walimwita Kichwa. Aliingia darasa la kwanza tayari anasoma, kwa sababu dada yake, aliyemtangulia kwa miaka miwili, alikuwa akirudi kutoka shuleni na kucheza naye ualimu, akiandika ukutani kwa kipande cha mkaa na kumchapa kwa uzi wa sufu. Walimu walipogundua wakampandisha darasa. Mwaka uliofuata wakampandisha tena, na asubuhi moja akajikuta amewekwa dawati moja na dada yake. Darasa zima lilipiga makofi. Dada alisogea ukutani kumpa nafasi. Tangu siku ile mchezo wa ualimu ukafa.

Hawakugombana. Dada alimaliza shule ya msingi, akaishia hapo, akaenda kujifunza kusuka nywele. Kichwa akaendelea kupanda, kila darasa akiwa mdogo kuliko wenzake, kila mapumziko akisoma kitabu kwa kuwa hapakuwa na aliyemwita. Moyoni alibeba jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu, kwamba yeye ndiye aliyemtoa dada yake shuleni. Kwa kulibeba hilo akapunguza kwenda kwake, leo udhuru huu, kesho ule, hadi wakawa watu wa kuonana misibani na harusini, wakiulizana afya na kuagana. Mji ulikuwa mmoja. Saluni ya dada haikuwa mbali na barabara aliyoipita kwenda kazini, naye nywele zake alizipeleka kwa mtu mwingine.

Shule iliyochaguliwa kwa majaribio ilikuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, na uwanja wake ulinukia kama nguo zilizotoka kufuliwa. Chumba maalumu kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo. Walikipaka rangi, wakaweka meza za duara, lakini harufu ya mipira haikutoka. Watoto wenyewe walikuwa wachache, wamechujwa kutoka madarasa ya chini, na aliyesifiwa kuliko wote alikuwa msichana wa darasa la tatu aliyeitwa Kamusi.

Jina hilo alilipata gwarideni. Mwalimu mkuu aliwagombeza kwa kuchelewa. "Nimewasubiri hapa masaa mawili!" alifoka. Sauti ndogo ikatoka mstarini, "Ni saa mbili, mwalimu." Mwalimu mkuu akatazama mkono wake. "Saa mbili wapi? Sasa hivi ni saa nne!" Walimu wakageuka ukutani kuficha vicheko, na kuanzia siku ile mtoto akawa Kamusi, hata nyumbani kwao.

Mara ya kwanza Bi Mitaala alipolitembelea darasa lake, Kamusi alimfuata hadi mlangoni. "Mwalimu, kama namba haziishi, yule wa kwanza kuzihesabu alipumzikia wapi?" Bi Mitaala alirudi ofisini na swali hilo, akazisimulia meza. Kwa wiki kadhaa alikuwa na furaha ya kutosha kumtembeza kutoka kitandani hadi kazini. Kisha mwalimu wa chumba maalumu, kijana mwenye bidii na tai iliyopinda, akampigia simu.

"Bi Mitaala, nyota wetu amezimika," alisema. "Kamusi hajibu kitu. Akijibu, anakosa. Nimemjaribu kila namna. Labda tulikosea kumchagua."

Alikwenda keshoye. Alifika wakati wa mapumziko ya chumba maalumu, na akasimama kwenye kivuli cha ofisi kuwatazama kabla hawajamwona.

Uwanja ulikuwa mtupu. Madarasa mengine yote yalikuwa kwenye vipindi, sauti zao zikitoka madirishani kwa pamoja. Wavulana wawili wa chumba maalumu walikaa ngazini, kila mmoja na kitabu chake. Mwingine alipiga mpira ukutani, ukamrudia, akaupiga tena. Kamusi alikuwa nje ya dirisha la darasa la tatu, amejiinua kwa vidole vya miguu, kidevu juu ya kizingiti. Ndani, karibu na dirisha, msichana mmoja aliyeng'oka meno ya mbele alijifanya kuokota penseli, akainua kichwa na kumtolea ulimi katikati ya pengo. Kamusi akacheka bila sauti, mabega yakitetemeka.

Mwalimu wa darasa la tatu akageuka kutoka ubaoni. "Wewe Kamusi, hapa si kwenu tena. Nenda kwenu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayefukuza kuku jikoni, hana neno naye. Kamusi akashuka. Akatembea hadi katikati ya uwanja, akasimama. Alijaribu kuweka mikono nyuma, akaiweka mbele, mwisho akaikunja kifuani kama mtu mzima anayesubiri ofisini kwa watu. Kengele ndogo ya chumba maalumu ikalia, akaingia. Kabla hajakaa vizuri ikalia kengele kubwa, na shule nzima ikamwagika uwanjani kwa kelele.

Bi Mitaala hakuhitaji kuambiwa ratiba ile ni ya nani. Kile kisanduku alikisogeza mwenyewe, kwa penseli ya rangi ya kijani.

Aliomba chumba cha walimu, akamwita mtoto.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa, mama. Nataka tujibizane kidogo tu, halafu nikuachie. Saba mara nane?"

Kamusi alitazama dari. Midomo ilicheza. "Hamsini na saba."

"Sita mara tisa?"

"Hamsini na tano."

"Mia moja, toa thelathini na tano?"

"Sitini na sita."

Bi Mitaala akavaa miwani. "Haya tuache hesabu. Nipe kinyume cha kupanda."

"Kukwea."

"Kinyume cha kuficha?"

Hapo mtoto alisita zaidi, akitafuta. "Kusetiri."

Bi Mitaala alimeza mate ili asicheke. Mtoto anayebahatisha hupatia hapa na pale, apende asipende. Huyu alikuwa akilifikia jibu sahihi kila mara, analizunguka, na kusimama hatua moja mbele yake.

"Kusetiri," alirudia. "Nani amekufundisha neno hilo?"

"Mama. Anashona. Anasema nguo kazi yake ni kusetiri, urembo baadaye." Kamusi akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nimefeli, si ndiyo?"

"Umefeli yote."

"Basi narudi darasani kwetu?"

Nje watoto walikuwa wakiimba na kuruka kamba. Bi Mitaala akasogeza kiti. "Masomo ya huku huyapendi?"

"Nayapenda."

"Mwalimu je? Anakugombeza?"

"Hapana. Ni mzuri. Tai yake tu."

"Sasa nini?"

Kamusi alitazama viatu. Alipoanza kusema alisema haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla haujamponyoka. "Mapengo alikuwa ananiwekea nafasi kwenye kamba. Kila siku. Lakini sisi tukitoka wao wako ndani, wao wakitoka sisi tunaingia. Akaendelea kuniwekea tu. Jana niliona kupitia dirisha, amemwekea mwingine."

"Ungeniambia. Au ungemwambia mwalimu wako."

"Nilimwambia. Alisema nitazoea." Akafikiri kidogo. "Mwalimu anasema na wewe ulikuwa kama sisi. Ulipandishwapandishwa. Ulizoea?"

Bi Mitaala alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kitenge, akaivaa, akaivua tena. Majibu ya maswali ya namna hiyo alikuwa nayo tele. Alikuwa amewaandikia walimu kurasa nzima za jinsi ya kuyajibu.

"Hapana," alisema. "Nilijifanya tu."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia.

Jioni ile alikwenda kwa mama yake Kamusi. Kibanda cha ushonaji kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, na kila aliyepita juu alisikika kama anawakanyaga utosini. Fundi alikuwa na futi ya kitambaa shingoni na pini mdomoni. Alizitoa pini moja moja akasikiliza hadi mwisho, mguu wake juu ya pedeli, cherehani imesimama.

"Kwa hiyo mnamrudisha," alisema.

"Hatumrudishi kwa kushindwa, mama. Hana aliloshindwa. Nasema anaweza kukaa na wenzake, na yale mengine tukampa humohumo, bila kumtenga."

"Mwalimu, mimi nilikomea darasa la nne. Hapa nilipo, mteja akiniletea picha yenye maelezo, namsubiri mwanangu atoke shule anisomee. Amechaguliwa yeye kati ya shule nzima. Nimewaambia watu. Leo unakuja kuniambia arudi akaruke kamba?"

"Anaumia, mama."

"Nani haumii?" Fundi alilivuta gauni lililokuwa chini ya sindano. Hakuwa na hasira ya kelele. Ilikuwa ile ya chinichini. "Wewe umeshafika, ndiyo maana unaona si kitu."

Cherehani ikaanza kukimbia, na mazungumzo yakaishia hapo. Bi Mitaala akaaga. Alitoka chini ya ngazi akiwa ameloa jasho, akifuata njia bila kuichagua. Umeshafika. Alijaribu kupafikiria mahali hapo alipofika. Aliona chumba chenye meza tupu, na nyumba ambayo mlango wake haukugongwa ila na msoma mita.

Miguu ilimpeleka saluni kwa dada yake. Au tuseme alijipeleka mwenyewe na kuisingizia miguu. Dada alikuwa peke yake, mnene na mwenye sauti nzito, akiosha vitana kwenye beseni. Alipoinua uso akamwona mdogo wake mlangoni, kitana kikamdondoka.

"Msiba wa nani?"

"Hakuna msiba, dada."

"Harusi?"

"Hapana. Nimekuja kuosha nywele."

Dada alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, akatazama barabarani kama kuna gari la wagonjwa linafuata. Kisha akakung'uta taulo. "Haya, kaa. Leta kichwa. Vichwa vya mji mzima vimepita mikononi mwangu isipokuwa hicho kimoja."

Sinki lilikuwa la baridi shingoni. Maji yakaja vuguvugu. Vidole vya dada vilikuwa na nguvu, vilijua njia, na Bi Mitaala akiwa amefumba macho alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliguswa na mtu, ukiacha mkono wa salamu. Hakukumbuka. Povu lilikuwa likilia masikioni.

"Dada."

"Mm."

"Uliacha shule kwa sababu yangu?"

Vidole vikasimama. Maji yaliendelea kutiririka. Kisha tumbo la dada, lililokuwa limemgusa begani, likaanza kutikisika, na kicheko kikapanda mpaka akalazimika kushika kingo za sinki.

"Ndicho ulichokifuga humu ndani miaka yote? Kichwa wewe! Mimi shule sikuipenda. Nilikuwa nakaa nyuma nawasuka wenzangu kipindi cha jiografia. Ulipoletwa kwenye dawati langu nilishukuru, nikasema sasa mwalimu atamwuliza huyu, mimi nisuke kwa raha. Niliacha shule kwa sababu nilitaka kusuka. Basi."

Bi Mitaala alifumbua macho. Dari ya saluni ilikuwa na doa la maji. Kumbe ule mzigo haukuwa na mwenyewe. Alitarajia kusikia wepesi, lakini kilichomjia kwanza kilikuwa kama kizunguzungu. Aliiona miaka mingi iliyopita mbele ya mlango huu, bure.

"Mbona uliacha kucheza nami ualimu?" Sauti ilimtoka kama ya mtoto, akaona haya.

Dada aliacha kucheka. Akarudisha mikono nyweleni, polepole. "Ningekufundisha nini? Ulikuwa unajua kila kitu. Nilidhani sasa ni zamu yako kuwa mwalimu. Nikakaa nasubiri uniite." Akasuuza povu. "Hukuita."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Na baadaye ukaacha kuja kabisa, na hilo ndilo liliniuma, si shule. Watu wananiuliza, mdogo wako yuko wapi? Nasema ana kazi nyingi. Nimekusemea mpaka nimechoka."

Hawakukumbatiana. Dada alimkausha, akamsuka mistari ya kawaida, akasema nywele zimekatika mbele kwa sababu ya kubana mno. Alipomaliza alimgeuzia kioo amwoneshe kisogo. "Jumapili mchana nipo nyumbani," alisema, akikunja taulo. "Sikualiki. Nakwambia tu kwamba nipo."

Siku zilizofuata Bi Mitaala aliubomoa mtaala wake na kuujenga upya. Watoto wabaki madarasani kwao. Wapanuliwe badala ya kukimbizwa. Mmoja akimaliza hesabu za siku apewe swali lisilo na jibu moja, na awe huru kulishughulikia pamoja na jirani yake. Chumba maalumu kiwe cha saa chache za alasiri, na kila mtoto aruhusiwe kuja na rafiki mmoja anayemtaka, awe na kipawa au asiwe nacho. Na mapumziko yawe ya wote, kengele moja.

Kwenye kikao mkurugenzi hakupiga makofi. Alifunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Bi Mitaala, nilikuomba ngazi," alisema. "Hiki ulichoniletea ni uwanja."

"Ndiyo, bwana mkurugenzi."

Mtu mmoja akacheka, akajidai kukohoa.

"Sasa huyu rafiki asiye na kipawa anaingiaje kwenye mtaala wa wenye vipawa? Nitamwelezaje mfadhili? Kwamba tunagharamia urafiki?"

Alieleza. Alijieleza vibaya, kwa sababu kila alipofika penye jambo lenyewe alimwona mtoto katikati ya uwanja hajui pa kuweka mikono, na hilo haliwezi kuwekwa kwenye jedwali. Wakamsikiliza kwa adabu. Mwisho wakakubali kengele, kwa kuwa haikuwa na gharama. Chumba kikabaki, kutengwa kukabaki, miaka miwili ikabaki, na rafiki akafutwa kwa mstari mmoja wa kalamu.

Mama yake Kamusi naye hakulegea. Mtoto akabaki chumba maalumu, na alipoambiwa kwamba kufeli kwake hakukuhesabiwa alikunja uso siku nzima, kisha akaanza kujibu sawasawa, kama mfanyakazi aliyemaliza mgomo bila nyongeza.

Siku ya kwanza ya kengele moja, Bi Mitaala alikwenda kutazama. Alisimama kwenye kivuli kilekile. Milango ikafunguka yote kwa pamoja, na Kamusi akatoka mbio, akapita vikundi vya mpira, akafika walipokuwa wakiruka kamba. Mapengo alikuwa hewani, anaruka na yule mwingine, wameshikana mikono. Kamusi akasimama pembeni. Mapengo alimwona, akamwinulia nyusi, lakini hakuacha kuruka. Msichana aliyekuwa akizungusha kamba alichoka, akatazama huku na huku, akamkabidhi Kamusi ncha yake.

Kamusi akazungusha. Alizungusha mapumziko yote, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, wengine wakiingia na kutoka. Hakupewa nafasi ya kuruka wala hakuiomba. Kwa mbali Bi Mitaala hakuweza kujua kama uso ule ulikuwa wa furaha au wa uvumilivu. Kengele ilipolia, Mapengo alikimbia na wenzake, akafika mlangoni, akageuka akapunga mkono upande wa chumba maalumu. Huenda alimpungia Kamusi. Huenda alikuwa akifukuza nzi.

Mwezi haukuisha Bi Mitaala akaitwa kwa mkurugenzi. Mtaala ulihitaji damu mpya, akaambiwa kwa upole. Kuna kijana amemaliza masomo yake, atauchukua. Yeye aandike kitabu cha mwongozo kwa mwalimu wa mwandiko wa darasa la kwanza, kazi tulivu, ya mtu mwenye subira. Akashukuru. Alirudi chumbani akakusanya kikombe, kamusi mbili na mto wa kiti. Aliziaga meza kwa kuzigonga moja moja kwa kifundo cha kidole, ya mzee wa hesabu akaigonga mara mbili kwa yale mabishano, akazima taa na kushuka.

Jumapili alivaa, akavua, akavaa nguo nyingine. Kwa dada kulikuwa na ukuta mpya na geti la chuma ambalo hakuwahi kuliona. Aligonga. Kitundu cha geti kikafunguka, na jicho la mtoto likamtazama.

"Hodi. Bibi yupo?"

"Yupo. Wewe nani?"

Akafungua mdomo, na hakuna jina alilokuja nalo lililofaa. Si Bi Mitaala. "Mwambie mdogo wake amekuja."

Jicho likaganda. "Bibi ana mdogo wake?"

"Anaye."

Miguu ikakimbia ndani. "Bibi! Kuna mtu hapa getini anasema ati ni mdogo wako!"

Sufuria ikafunikwa. Bi Mitaala akageuka kutazama barabara aliyojia. Halafu ile sauti nzito ikasikika kutoka jikoni.

"Sasa mbona umemwacha juani? Mfungulie."

"Komeo gumu, siliwezi!"

"Basi mwambie asubiri, nakuja."

"Anasema usubiri," mtoto alimwambia kupitia kitundu.

"Nasubiri," alisema Bi Mitaala. Akasimama kwenye jua, mkono juu ya chuma cha moto, akisikiliza ndala zikiburuzwa juu ya saruji.